Jicho ndani ya tundu la ndege

Ndege ni jirani yetu wa tangu na tangu. Twamsikia alfajiri mwadhini akiadhini, twamwona mchana akidonoa punje za mchele uani, na magharibi ikiingia twamwona akirejea mtini. Lakini akisha kuingia tunduni mwake, habari zake hutukatikia. Yanayopita humo tangu yai kutagwa mpaka kinda kuruka, wazee wetu waliyajua kwa kukisia, au kwa kupanda mti wakachungulia. Na aghalabu mwenye kuchungulia alikuwa ni mtoto mtundu, ambaye alilivuruga tundu kabla hajaliona sawasawa.

Sasa pazia hilo limefunuliwa. Huko Uingereza, na katika nchi nyingine za Ulaya na Marekani, watu hutundika visanduku vya mbao bustanini mwao, wakatia ndani yake kamera isiyozidi kidole gumba, kisha wakakaa sebuleni wakitazama maisha ya ndege kama watu watazamavyo mchezo wa kuigiza. Mwaka 2024 nami nilijaliwa kuyaona hayo kwa macho yangu, nilipokwenda mji wa Leicester kumzuru binti ya dada yangu ambaye ameolewa huko na ana watoto watatu. Nilikaa kwake tangu Aprili hadi Juni. Nataka nikusimulie, msomaji, niliyoyaona, pamoja na swali moja la mtoto ambalo ndilo lililonitia hamu ya kushika kalamu.

KISANDUKU SI KITU KIPYA

Kwanza tukijue kisanduku chenyewe. Mtu wa Pwani hatastaajabu akisikia kwamba ndege hujengewa nyumba, kwani nani miongoni mwetu hajaona visanduku vya njiwa vilivyopigiliwa misumari kutani? Walakini njiwa twamfuga, na akinona twamla. Huko Holland nako, karne nyingi zilizopita, mambo yalianzia tumboni vivyo hivyo. Watu walitundika vyungu vya udongo kutani ili jurawa na kwezi watage humo, na makinda wakishanenepa walichukuliwa wakapikwa.

Miongoni mwa watu wa mwanzo huko Uingereza kuwajengea ndege wa mwituni makazi kwa mapenzi tu ni Charles Waterton, tajiri wa jimbo la Yorkshire aliyefariki mwaka 1865. Shamba lake alilizungushia ukuta, akakataza bunduki ndani yake, na ndege akawatengenezea matundu. Baada yake Mjerumani mmoja, Baron Hans von Berlepsch, aliliangalia tundu ambalo kigogota hulichimba mtini, akatengeneza visanduku kwa kuliiga. Na mwaka 1947 mwanachuoni wa Oxford, David Lack, alianza kuwachunguza ndege wa visanduku katika msitu wa Wytham ulio karibu na mji huo. Visanduku vya msitu huo leo vimezidi 1,000, na uchunguzi haujakatika hata sasa.

Wala Waislamu hawakuachwa nyuma katika jambo hili. Mjini Istanbul, zama za Masultani wa Kituruki, wajenzi walichonga vijumba vya mawe juu katika kuta za misikiti, wakavitia madirisha na kuba na viminara vidogo, ili ndege wapate pa kukaa. Msikiti wa Ayazma huko Üsküdar, uliojengwa karne ya 18, ungali navyo. Basi mwenye kumjengea ndege nyumba asidhani kwamba aiga mambo ya kigeni.

MLANGO WA MILIMITA 25

Kisanduku cha mpwa wangu kilikuwa cha mbao, urefu wake shubiri moja na kitu, kimetundikwa ukutani nyuma ya nyumba. Mlango wake ni kitobo cha duara chenye upana wa milimita 25, karibu sawa na sarafu yetu ya shilingi ishirini. Kipimo hicho kina hekima yake. Kikizidi kidogo, kikawa milimita 28, huingia ndege mkubwa zaidi wa ukoo huohuo. Kikifika milimita 32 huingia jurawa. Mlangoni pamezungushiwa kibati, kwa sababu kigogota wa huko ana tabia ya kuupanua mlango kwa mdomo wake, akawatoa makinda na kuwala. Na uso wa kisanduku huelekezwa baina ya kaskazini na mashariki, ili jua kali na pepo za mvua zisiingie.

Kamera imefungwa darini mwa kisanduku, ikitazama chini. Kando yake mna vijitaa ambavyo mwanga wake jicho la mwanadamu halioni, na jicho la ndege pia halioni, lakini kamera yaona. Kwa hivyo ndani ya kisanduku huwa kiza kama kilivyo tunduni, na ndege hulala usingizi wake bila ya bughudha, ilhali sisi sebuleni twamwona katika picha nyeusi na nyeupe. Mchana rangi hurudi. Waya mmoja watoka kisandukuni wapita dirishani mpaka kwenye televisheni. Mpwa wangu na mumewe walikuwa wamekwisha kuifunga kamera hiyo tangu wakati wa baridi, kabla ndege hajaanza kutafuta nyumba, kwani ukishaingia msimu wa kutaga hapaguswi tena.

Ndege aliyeingia ni mdogo mno, uzito wake gramu 11 hivi. Kichwa chake kina kofia ya buluu, kifua manjano, na mstari mweusi umepita machoni kama wanja. Kiswahili hakina jina lake, maana kwetu hayuko. Waarabu wana jina lao, qurquf, nami tangu siku ya kwanza nikamwita kurkufu. Watoto walilipenda jina hilo, wakalishika.

NILIYOYAONA SEBULENI

Nilipofika, tundu lilikuwa karibu kwisha. Kurkufu jike hujenga peke yake. Huleta majani mororo yaotayo juu ya mawe yenye unyevu, akayapanga, kisha akalala juu yake akajizungusha kwa kifua mpaka pakawa na shimo kama kikombe. Juu yake hutia singa za wanyama na manyoya. Nilimwona ameleta unyoya mrefu kuliko mlango, ukakwama. Aliuvuta, akauacha, akautoa nje, akarudi nao kwa upande mwingine, ukaingia. Sisi tulioko sebuleni tulipiga makofi kana kwamba Mombasa imefunga bao.

Yai la kwanza tulilikuta asubuhi ya tarehe 18 Aprili. Tangu hapo kila asubuhi aliongeza moja, mpaka yakatimia tisa. Kila yai ni gramu moja hivi, kwa hivyo katika siku tisa mama huyu alikuwa ametoa mwilini mwake mayai ambayo uzito wake unakaribia uzito wake mwenyewe. Nawaomba akina mama wanaonisoma wapime jambo hilo. Na kabla hayajatimia hakuyaatamia. Alikuwa akiyafunika kwa singa kisha akaenda zake. Faida yake ni kwamba mayai yote huanza kupata joto karibu siku moja, na makinda huanguliwa karibu pamoja, asiwe mmoja mkubwa akamdhulumu mdogo.

Alipoanza kuatamia, dume ndiye aliyekuwa akimletea chakula mlangoni. Jike hutetema mbawa kama mtoto adekaye, hupokea, humeza, kisha huyageuza mayai kwa mdomo na kulala tena. Mambo yakawa hayo kwa muda wa majuma mawili.

Ijumaa ya tarehe 10 Mei, tulipokuwa twajitayarisha kwenda msikitini, mtoto wa pili wa mpwa wangu alipiga ukelele. Yai moja limepasuka. Kikatoka kitu kama kipande cha nyama, hakina unyoya wala jicho, kina mdomo tu. Mama akaokota ganda la yai akalitafuna. Kufikia usiku waliangua wanane. Yai la tisa halikuwa na kitu.

Tangu siku hiyo ndege wale wawili hawakujua raha. Chakula cha makinda ni viwavi wa mitini, na wataalamu wasema kwamba tundu moja la kurkufu laweza kula viwavi 1,000 kwa siku moja. Niliketi siku moja baada ya sala ya Adhuhuri, nikahesabu kwa saa moja. Waliingia mara 31. Kila aingiapo, midomo minane hufunguka, manjano kama maua ya alizeti. Na mzazi akishalisha hungojea kidogo. Kinda hugeuka, akatoa uchafu wake ukiwa umefungwa katika kifuko cheupe, mzazi akaupokea kwa mdomo akaenda kuutupa mbali. Tundu lote halina hata doa. Nilimwambia mpwa wangu, nikiwatazama wanawe: “Waona, mwanangu, ndege wadogo hawa wana nadhafa kuliko wengine!” Akacheka akanambia, “Mjomba, waambie wenyewe, wasikie.”

SWALI LA MTOTO

Tarehe 22 Mei ikanyesha mvua ya kutwa, na ya pili yake pia. Mvua ikishika, viwavi huanguka majanini au hujificha, na mwenye kuwatafuta hurudi mikono mitupu. Tuliona wazi katika televisheni. Waliokuwa wakiingia mara thelathini kwa saa, sasa waliingia mara tano, mara sita, na manyoya yao yamelowa chapachapa. Makinda wakubwa wakajinyosha juu, wadogo wakabaki chini. Kufikia jioni ya siku ya pili mmoja hakuinua kichwa tena.

Mtoto mdogo wa mpwa wangu, wa miaka saba, alisimama mbele ya televisheni na kipande cha mkate mkononi. “Babu, mbona hatuwatii chakula? Si hapa ni karibu?”

Nikamwambia kwamba mkate si chakula chao, na kwamba tukikifungua kisanduku mama aweza kuingiwa na hofu asirudi tena, wakafa wote. Mamake akaongeza kwamba huko tundu la ndege likiwa na mayai au makinda ni kosa la sheria kulichukua au kuliharibu; sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1981. Mtoto akasikiliza. Kisha akauliza: “Sasa kama twawaona wakifa na hatufanyi kitu, twawatazamia nini?”

Nakiri kwamba katika miaka yangu ya kukaa barazani na mashekhe na malenga, sikupata kuulizwa swali zito kama hilo.

Usiku ule walikufa wawili zaidi. Asubuhi mpwa wangu alinunua dukani vijidudu hai ambavyo huuzwa huko kwa ajili ya ndege wa bustanini, akaviweka katika kisahani mbali na kisanduku, ndege akitaka achukue, asipotaka aache. Baada ya saa moja mama aliingia na kijidudu cha manjano mdomoni, nasi tukamtambua kwa rangi yake. Watoto wakaruka kwa furaha. Mvua ikaanuka siku ile, viwavi wakaonekana tena, na wale watano waliosalia wakashika njia. Tarehe 30 Mei, baina ya saa kumi na mbili na saa nne za asubuhi, walitoka mmoja mmoja mlangoni. Wa mwisho alikaa kwenye kitobo karibu nusu saa, akiita na akiitwa, mpaka akajitupa. Kisanduku kikabaki na watatu waliokufa na yai moja lisilo na kitu.

TWAWATAZAMIA NINI?

Niliporudi Mombasa niliyasimulia hayo barazani. Mzee mmoja akanikatiza: “Je, huko si kupeleleza? Dini yetu imetukataza kuchungulia nyumba za watu.” Ni neno la haki, nami nikamjibu kwamba makatazo hayo yawahusu wanadamu, wenye aibu na heshima za kusitiriwa. Ndege hana aibu, lakini ana hofu. Basi adabu yake ni kutomtia hofu. Kamera iliyofungwa kabla hajaja, yenye taa asiyoiona, haimbughudhi kama limbughudhivyo jicho la mtoto juu ya mti.

Sote twaikumbuka hadithi iliyomo katika kitabu cha Abu Dawud. Maswahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege na makinda yake wawili, wakawachukua makinda. Mama akaja akitandaza mbawa kwa majonzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoliona hilo akaamrisha makinda warudishwe kwa mama yao. Mimi nilipokuwa chuoni nikiisoma hadithi hiyo, nilidhani kwamba yataka huruma tu. Sasa naona kwamba yataka macho vilevile. Maswahaba wale waliwaona makinda, lakini uchungu wa mama ulionwa na mwenye kutazama.

Na hilo ndilo jibu nililompa yule mtoto, kwa maneno mepesi. Twawatazama ili tujue wanachokitaka. Kabla ya kamera, nani katika nyumba ile alijua kwamba siku mbili za mvua ni kifo tunduni? Nani alijua kwamba viwavi ambao mwenye bustani huwanyunyizia dawa ni chakula cha makinda wanane? Baba wa watoto wale tangu siku hiyo ameacha kunyunyiza dawa. Na jirani yao mwenye paka, walipomwonyesha picha za makinda walio karibu kuruka, alikubali kumfungia paka wake ndani asubuhi kwa muda wa juma zima. Mkono haukuingia kisandukuni, lakini ulifanya kazi bustanini.

Kuna faida nyingine ipatikanayo macho mengi yakikusanyika. Waingereza wana taasisi ya elimu ya ndege, British Trust for Ornithology, ambayo tangu mwaka 1939 hupokea habari za matundu kutoka kwa watu wa kawaida: mayai mangapi, yalitagwa lini, makinda wangapi waliruka. Na katika msitu wa Wytham, uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha jambo la kutisha kidogo. Ndege wakubwa wa ukoo wa kurkufu sasa hutaga kiasi cha majuma mawili mapema kuliko walivyokuwa wakitaga katika miaka ya 1960. Sababu ni kwamba msimu wa joto huingia mapema, majani ya mialoni huchipua mapema, na viwavi hutoka mapema. Ndege akichelewa kutaga, makinda wake huanguliwa wakati viwavi wamekwisha. Mambo ya hali ya hewa ambayo mataifa hugombana juu yake mikutanoni, kiumbe wa gramu 11 ameyajibu kwa kusogeza tarehe ya yai lake.

NA SISI JE?

Huenda msomaji akauliza: hayo ni ya Leicester, sisi wa Mombasa, Malindi na Lamu yatufaa nini? Yatufaa, maana ndege wetu wana shida ambayo hao wa Uingereza hawana. Nina maana ya kunguru. Kunguru huyu wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea Pwani nzima. Hula taka, ni kweli, lakini hula pia mayai na makinda wa kila ndege mdogo amwonaye. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Serikali ina lake la kufanya, na mwenye nyumba naye ana lake.

Chozi hafai kujengewa kisanduku, kwani yeye huning'iniza tundu lake kama mfuko. Wala mnana, ambaye ni fundi wa kusuka. Lakini jurawa hutaga mwenye shimo, na mlango wa milimita 32 wamtosha yeye, ilhali kunguru hapati kuingiza kichwa. Fundi seremala yeyote aweza kukitengeneza kisanduku kwa mabaki ya mbao. Kwetu jua ni kali, kwa hivyo kitundikwe kivulini, kipaa chake kiwe cha mbao wala si cha bati, na vitobolewe vitobo vichache chini ya kipaa ili upepo upite. Anayeweza kununua kamera na anunue, na ingekuwa vizuri zaidi kama skuli ingenunua moja, watoto mia wakatazama pamoja. Asiyeweza atundike kisanduku hivyo hivyo, akae mbali, ahesabu kwa macho yake ndege ameingia mara ngapi. Aandike tarehe daftarini. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa na thamani.

Yule mtoto wa Leicester aliniomba nimwandikie kitu cha kubandika juu ya kisanduku. Nilimtungia ubeti huu, na mamake akauandika kwa wino usiofutika:

Tundu la ndege ni dogo, lakini lina maisha,
Mayai hayana zogo, mama yu macho akesha,
Apitae kwa mikogo, makinda asije tisha,
Jicho lione yaliyo, mkono ukae kando.